Daftari la Tafakuri na Kikao cha Wenza: Mwongozo kwa Mwanachuo Aliye Kwenye Mazoezi ya Kufundisha

Chini kabisa ya andalio la somo, baada ya safu za hatua, muda, vitendo vya mwalimu, vitendo vya wanafunzi na upimaji, huachwa mistari michache ya maoni. Kwa miaka ambayo nimekuwa mwalimu mlezi hapa Pemba, nikipokea wanachuo wanaokuja skulini kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, nimesoma katika mistari hiyo sentensi ile ile kwa miandiko tofauti: "Somo limeeleweka vizuri na wanafunzi wengi wamefahamu." Huiandika mwenye bidii na huiandika mvivu. Huandikwa siku ambayo darasa lilichangamka, na huandikwa siku ambayo nusu ya watoto walikuwa wakitazama dirishani. Mara nyingine huwa imeshaandikwa usiku uliotangulia, pamoja na andalio lenyewe, kabla mwalimu hajatia mguu darasani.

Siwalaumu wanaofanya hivyo. Nami nilipokuwa mwanachuo nilijaza daftari zima la tafakuri kwa usiku mmoja, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya mafaili, kwa sababu hakuna aliyewahi kunionesha tafakuri huandikwaje wala ina faida gani kwangu. Nilipoajiriwa na kupewa darasa langu, ndipo nilipotambua kwamba wiki zote zile zilipita bila ya kuniachia kitu, maana sikuwa na hata ukurasa mmoja wa kweli wa kuurejea. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanachuo anayetoka chuo cha Nkrumah kule Beit el Ras, Unguja, au Mchanga Mdogo hapa Pemba, au chuo chengine chochote, ili asizipoteze siku zake kama nilivyozipoteza zangu.

Maana ya tafakuri, kwa ufupi

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika kuhusu fikra na elimu tangu mwishoni mwa karne ya 19, alieleza kwamba kufikiri kwa makini huanza pale mtu anapokutana na jambo linalomtatiza. Mwaka 1983 Mmarekani mwengine, Donald Schön, alitofautisha fikra anazokuwa nazo mtendaji wakati kazi inaendelea na zile anazorudi nazo baada ya kazi kumalizika. Mwaka 1988 Graham Gibbs wa Uingereza akapanga duara la hatua sita ambalo vyuo vingi hulitumia: kueleza tukio, kutaja hisia, kupima zuri na baya, kuchambua sababu, kufikia hitimisho, na kupanga la kufanya safari nyengine.

Duara hilo ni zuri na ukilipewa chuoni lishike. Hata hivyo, nimeona kwamba mwanachuo anayelazimika kujaza visanduku sita kila siku huishia kuvijaza kama anavyojaza ile sehemu ya maoni. Kwa kazi ya kila siku maswali matatu yanatosha: watoto wamefanya nini, kwa nini wamefanya hivyo, na kesho nibadilishe nini. Swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sisi walimu tunajua sana tulichosema na tunajua kidogo sana walichokifanya watoto wakati tulipokuwa tukisema.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja kabla hujaingia darasani

Mtu anayetaka kuliangalia darasa zima kwa mara moja hutoka bila ya kuona kitu. Usiku unapoandika andalio, andika pembeni swali moja tu ambalo kipindi cha kesho kitakujibu. Lisiwe pana kama "Je, nitafundisha vizuri?", bali liwe jambo linaloweza kuonekana kwa macho au kuhesabika kwa kalamu. Ni watoto wangapi tofauti watakaojibu maswali yangu? Nikiuliza swali, husubiri muda gani kabla ya kumtaja wa kujibu? Watoto wa madawati ya nyuma huanza zoezi lini baada ya mimi kuliandika ubaoni?

Chukua hilo la kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili katika miaka ya 1970 akakuta kwamba walimu kwa kawaida husubiri kiasi cha sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba muda huo ukifika sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto huwa marefu zaidi na wanaojibu huongezeka. Sekunde 3 ni kidogo sana kwenye saa, lakini ukisimama mbele ya darasa lililonyamaza huku mwalimu mlezi amekaa nyuma, huwa ni muda mrefu mno. Jaribu kwa wiki nzima, ukijihesabia kimoyomoyo, na utaona wanaonyoosha vidole si wale wale wa siku zote.

Hatua ya pili: mtafute mwenzio akae nyuma aangalie watoto

Skuli nyingi hupokea wanachuo zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Kubalianeni kubadilishana vipindi, japo kimoja kwa wiki: leo yeye anafundisha wewe unaangalia, kesho kinyume chake. Katika Japani walimu wana utaratibu wa zaidi ya miaka 100 wa kupanga somo kwa pamoja, kisha mmoja akalifundisha na wengine wakasimama pembeni kuwaangalia wanafunzi, na ndio ninaokusihi uufuate. Jicho la anayeangalia liwe kwa mtoto. Mwalimu keshaangaliwa vya kutosha na mkufunzi wake.

Mwenzio aje na karatasi moja ambayo ameichora darasa: ubao juu, mlango upande wake, na kila dawati kwa kisanduku chake, na ndani ya kisanduku alama ya kila mtoto aliyekaa hapo. Kila mtoto anapotajwa kujibu, atiwe kijistari. Kila mtoto anapouliza mwenyewe, atiwe duara. Mtoto asiyekuwa na kitabu wala wa kuangalia naye, atiwe msalaba. Karatasi hiyo haihitaji maneno, na baada ya dakika 40 itakuonesha jambo ambalo hakuna ubishi juu yake. Mara nyingi vijistari hujaa kwenye madawati mawili ya mbele na ubavu mmoja wa darasa, ule ambao mwalimu huuelekea akishika chaki kwa mkono wake wa kulia.

Mkiwa na nafasi ya kuongeza jambo, mwenzio achague watoto 2 tu awafuate kwa kipindi kizima, mmoja mwenye kusikika na mmoja mkimya, na aandike kila baada ya dakika 5 wanafanya nini. Asisogee kuwasaidia, wala asiwakodolee macho wakaona wanachunguzwa.

Hatua ya tatu: dakika 10 za mwanzo

Andika kabla hujazungumza na mtu. Ukitoka darasani ukaingia ofisini na mwalimu mwenzio akakuuliza "Vipi, limekwenda?", utamjibu "Alhamdulillahi, limekwenda", na kuanzia hapo akili yako itashika jibu hilo na kuyasahau mengine. Kwa hiyo kaa mahali, hata kama ni chini ya muembe kwa kuwa wanafunzi wa mkondo wa mchana wameshajaa mlangoni wakisubiri darasa, uandike mistari mitano isiyokuwa na sifa wala lawama. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Andika jibu lisilo sahihi kama lilivyokuwa kwenye daftari lake. Usiandike "hawakufahamu", kwa sababu hilo si tukio ulilolishuhudia, ni hukumu uliyoitoa.

Pia kusanya madaftari. Kumi au kumi na mawili yanatosha, ila yasiwe ya wale waliomaliza mwanzo.

Hatua ya nne: kaa uandike tafakuri yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea, na nitaeleza kwa mfano wa mwanachuo mmoja niliyemlea, ambaye alikuwa akifundisha Hesabu darasa la 3. Siku hiyo somo lilikuwa kutoa kwa kuchukua kumi. Tafakuri yake ya mwanzo ilikuwa hivi:

"Leo nimefundisha kutoa kwa kuchukua. Wanafunzi walishiriki vizuri ila baadhi yao hawakufahamu kwa sababu ni wazito na hawafanyi mazoezi nyumbani. Nitawaongezea mazoezi."

Kila sentensi hapo inaonekana ya kawaida, lakini hakuna hata moja inayoweza kumsaidia kesho. Nilimwomba aniletee madaftari, tukayafungua pamoja juu ya meza. Kati ya madaftari 12, 7 yalikuwa na jibu moja: 52 toa 27 ni 35. Kama watoto wangekuwa hawajui kitu, majibu yangetawanyika, huyu 40, yule 18, mwengine kaacha wazi. Watoto 7 wakikosea kwa namna moja, basi kuna kanuni wanayoifuata, na kazi ya tafakuri ni kuitafuta kanuni hiyo.

Tulimwita msichana mmoja tukamwambia afanye tena kwa sauti. Akaweka kidole kwenye mamoja, akasema, "Saba toa mbili, tano." Akahamia kwenye makumi: "Tano toa mbili, tatu." Nikamuuliza kwa nini ameanza na saba wakati saba iko chini. Akanitazama kama kwamba nimeuliza jambo la wazi mno, akajibu: "Mwalimu kasema kubwa toa ndogo."

Ni kweli, mwalimu alisema. Alikuwa amewapa hesabu mbili za mwanzo, 43 toa 21 na 58 toa 34, na katika kila moja alirudia "kubwa toa ndogo, kubwa toa ndogo", watoto wakaitikia naye. Alipofika 52 toa 27, alieleza kuchukua kumi kwa maneno, akaandika jibu mwenyewe, akauliza "Mmefahamu?", na darasa zima likajibu "Tumefahamuuu!" Msichana yule hakuwa mzito wala mvivu. Alikuwa mtiifu kwa mwalimu wake kuliko mwalimu mwenyewe alivyojua.

Usiku ule mwanachuo wangu aliandika upya, na ukurasa ule ninaukumbuka vizuri: "Watoto 7 kati ya 12 wametoa namba ndogo katika kubwa bila ya kujali ipi iko juu. Kanuni hiyo nimewapa mimi katika mifano miwili ya mwanzo. Nilipouliza kama wamefahamu waliitikia wote, kwa hiyo itikio lile halikuniambia kitu. Kesho sitasema 'kubwa toa ndogo'. Nitaanza na vitu vya kushika."

Kesho yake alikuja na njukuti za mnazi, vile vijiti vya ukuti, alizozikata sawasawa na kuzifunga kumi kumi kwa mpira. Akampa kila kundi vifungu 5 na njukuti 2 za mojamoja, akawaambia wampe njukuti 27. Msichana yule alitoa vifungu 2 haraka. Kisha akazitazama zile njukuti 2 zilizobaki mojamoja, akamtazama mwenzake, akavuta mpira wa kifungu kimoja, zikamwagika mezani, akaanza kuhesabu saba. Hakuna aliyemwambia afungue. Walipohesabu zilizobaki wakapata 25, na hapo ndipo neno "kuchukua" lilipopata maana.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonesha mambo ambayo tafakuri nzuri huwa nayo: kosa limenakiliwa lilivyo, sababu imetafutwa kwanza katika kazi ya mwalimu kabla ya kutafutwa katika akili ya mtoto, na mabadiliko yaliyoandikwa ni kitu ambacho mtu mwengine akikaa nyuma ya darasa atakiona kimefanyika au hakikufanyika.

Kuhusu kuitikia kwa pamoja, ningependa nieleweke vyema. Watoto wetu wengi husoma chuoni pia, yaani chuo cha Kurani, na huko kusoma kwa sauti moja nyuma ya mwalimu kuna heshima yake na kuna kazi yake, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuhifadhi maneno matukufu kama yalivyo bila ya kupunguza herufi. Mtoto huja skulini na adabu hiyo hiyo, na akiulizwa kama amefahamu huona ni kukosa heshima kusema hapana. Kwa hiyo usimwulize kama amefahamu. Mpe kitu akifanye, umtazame.

Na yale yasiyokuwa mikononi mwako? Yaandike, lakini yaandike kwa namna ya kukusaidia. Katika msimu wa karafuu madawati hupungua watoto, kwa sababu nyumba nyingi hapa Pemba hutegemea zao hilo na kila mkono unahitajika kuchuma, kuchambua na kuanika. Kuandika "mahudhurio mabaya" hakukupeleki popote. Andika ni nani hawakuwepo, ni mada gani iliyowapita, na ni dakika zipi utakazowapa watakaporudi. Kadhalika kwa darasa lenye watoto wengi kuliko vitabu: huwezi kuleta vitabu, lakini unaweza kuandika zoezi kwenye karatasi kubwa kabla ya kipindi badala ya kutumia robo ya muda kuliandika ubaoni huku umewapa mgongo.

Hatua ya tano: kikao cha wenza

Tafakuri ya mtu mmoja ina mpaka wake, kwa sababu mtu hawezi kuuona mgongo wake mwenyewe. Kikao cha wenza ni mkutano mdogo wa wanachuo 3 hadi 5, mara moja kwa wiki, usiozidi dakika 45. Wakizidi watano, wawili huzungumza na waliobaki husikiliza. Mkutane mahali ambapo wanafunzi hawapiti na walimu wengine hawakai kusikiliza, kwa mfano darasa lililo tupu baada ya sala ya Alasiri, au siku ya Jumamosi katika kituo cha walimu kilicho karibu, kama kile cha Michakaeni kwa walio Chake Chake au Mitiulaya kwa walio Wete, baada ya kuomba ruhusa kwa wahusika.

Kila kikao kiwe na mwenye somo mmoja tu, yaani yule ambaye somo lake ndilo litakalozungumzwa. Wawili wakishindana kuleta matatizo yao, yote mawili yatabaki juu juu. Mwenye somo huja na vitu vitatu: andalio lake, ukurasa wa tafakuri, na madaftari ya watoto machache. Asiyekuja na kazi ya watoto asiwe mwenye somo siku hiyo, ampishe mwengine. Nimelisisitiza sana sharti hili kwa kila kundi nililolilea, kwa sababu bila ya madaftari mazungumzo hugeuka kuwa ya watu na tabia zao.

Utaratibu uwe hivi. Mwenye somo asome ukurasa wake, asiusimulie. Mtu akisimulia hupamba au hujitetea, lakini akisoma hubaki na alichokiandika wakati kumbukumbu ilikuwa mbichi. Dakika 5 zinatosha, na asikatizwe. Baada ya hapo wenzake waulize maswali ya kutaka kujua tu, mfano "Hesabu ya tatu ilikuwa ipi?" au "Yule aliyekaa karibu na mlango aliandika nini?" Anayeanza na "Kwa nini hukufanya…" arudishwe kwa upole na msimamizi wa kikao, kwa kuwa hilo ni shauri lililovishwa nguo ya swali. Halafu aliyekuwa nyuma ya darasa aweke karatasi yake mezani na aseme alichokiona. Baada ya hayo wote wayafungue madaftari na watafute sababu, na huu ndio muda wa kuupa nafasi kubwa, hata dakika 20. Mwisho mwenye somo mwenyewe, si mwengine, atamke jambo moja atakalolibadilisha.

Kuna maradhi mawili ya vikao hivi. La kwanza linatokana na istihaya yetu. Hakuna anayetaka kumtahayarisha mwenzake, kwa hiyo kila mmoja husema "Hongera mwalimu, somo zuri sana, ila tu sauti uipandishe kidogo", kikao kikamalizika kwa dakika 10 na kila mtu akaenda zake. La pili ni kinyume chake: akishapatikana mmoja wa kukosoa, wote humshukia mwenye somo, na wiki inayofuata hatakuja au atakuja na somo alilolipamba. Mimi mwenyewe, nikiwa kwenye mazoezi, niliwahi kuhesabiwa makosa yangu na mkaguzi mmoja mbele ya wanafunzi wangu, nimesimama na chaki mkononi. Makosa yale yalikuwa ya kweli yote. Sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni nyuso za watoto.

Dawa ya maradhi yote mawili ni kuzungumzia kilichoonekana. Badala ya "Huwapi nafasi watoto wa nyuma", sema: "Maalim, katika karatasi yangu kuna vijistari 9, na 7 viko madawati ya mbele." Badala ya "Hukueleza vizuri", sema: "Ulipomaliza kueleza, watoto 3 wa upande wa dirisha walitazama kwanza daftari la jirani ndipo wakaandika." Maneno ya namna hii hayahitaji kutiwa sukari wala hayachomi, na mwenye somo hulazimika kufikiri badala ya kujitetea. Anayepokea naye ajizuie kujibu kila neno. Ajibu "Ahsante, nimelipokea" na aliandike.

Mambo mengine ya heshima yanahitaji kupangwa kwa makusudi. Katika makundi yetu huwamo walimu wenye umri na uzoefu ambao wamerudi chuoni kujiendeleza, pamoja na vijana waliotoka kidato cha sita juzi. Mkubwa akishasema, mdogo hana la kuongeza, na ndivyo tulivyolelewa. Basi wakubwa waombwe, kwa adabu, waseme mwisho, na wengi wao hulifurahia hilo wakielezwa sababu yake. Vilevile wanawake, ambao katika makundi niliyoyalea mara nyingi ndio waliokuwa wengi, huweza kumaliza kikao kizima bila ya kuzungumza iwapo wanaume wawili watakishika. Zungukeni kwa zamu, kila mtu dakika 2, na anayesema "sina la kusema" asome tu alichokiandika. Usimamizi wa kikao nao uzunguke, kila wiki mtu wake, pamoja na mmoja wa kuangalia saa.

Ushauri uje mwisho na uje kwa kuombwa. Mwanachuo aliyepewa mashauri 8 katika kikao kimoja hatekelezi hata moja. Aliyeulizwa maswali 3 mazuri hulala nayo.

Hatua ya sita: jaribu jambo moja, kisha rudi

Badiliko lililotamkwa kikaoni liandikwe kwenye andalio la kesho, ndani ya safu ya vitendo vya mwalimu, na lipigiwe mstari. Kisha litafutiwe alama ya kujua kama limefaa, iliyoamuliwa kabla: madaftari mangapi yatakuwa na jibu sahihi, vijistari vitaenea wapi. Kikao kinachofuata kifunguliwe kwa mwenye somo wa wiki iliyopita kueleza kwa dakika 3 kilichotokea. Kama halikufaa, hilo nalo ni habari, na liandikwe bila ya huzuni. Njukuti zile nilizozieleza zilifaa kwa watoto 5 kati ya wale 7. Wawili waliobaki walizihesabu vizuri mezani, lakini waliporudi kwenye daftari wakaandika 35 kama jana. Ilichukua siku nyengine mbili za kuchora vifungu kwa penseli, pembeni ya hesabu, mpaka mkono wao ulipokubali kilichokwisha kukubaliwa na macho yao.

Siri za watoto na za wenzenu

Katika daftari la tafakuri mtoto asitajwe kwa jina lake. Mpe herufi, na orodha ya herufi hizo ibaki kwako. Utaandika humo mambo ya mtoto anayekuja bila ya kula, anayelala darasani, ambaye wazazi wake wametengana, na visiwa vyetu ni vidogo kiasi kwamba jina moja na mtaa mmoja vinatosha kumfanya mtu ajulikane hadi kwa jamaa zake wa ng'ambo. Ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa, hilo si la daftari wala la kikao. Mwone mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo.

Makundi ya WhatsApp yanasaidia kupanga muda wa kikao na kuulizana maswali madogo. Yasitumike kusambaza picha za watoto, video za wenzenu wakifundisha, wala kurasa za madaftari zenye majina. Likitoka humo halirudi.

Kwa aliye peke yake

Huenda ukapangiwa skuli ya mbali, au kisiwa kidogo kama Kojani, ukajikuta ndiye mwanachuo pekee. Mwombe mwalimu mlezi wako akupe dakika 15 kwa wiki za kuangalia madaftari nawe, si za kukagua andalio, na umpelekee swali lililo tayari. Pia unaweza kumsomea mwenzako wa skuli nyengine ukurasa wako kwa simu, kisha yeye akuulize maswali matatu na ajizuie kukushauri. Haifikii kikao cha ana kwa ana, lakini inashinda ukimya.

Ombi kwa wakufunzi na walimu walezi

Daftari la tafakuri likipewa maksi kwa uzuri wa somo lililoelezwa humo, mwanachuo ataeleza masomo mazuri tu, na tutakuwa tumemfundisha kusema uongo kwa mwandiko nadhifu. Kama ni lazima litiwe maksi, tupime uhakika wa alichokiona na juhudi ya kutafuta sababu, na ukurasa unaoeleza somo lililoharibika upate haki sawa na unaoeleza lililofana. Nasi walimu walezi tukae kikaoni mara moja moja kama mwenye somo, na madaftari ya wanafunzi wetu wenyewe mkononi. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, nikawaonesha wanachuo insha za darasa la 6 ambazo nilizifundisha vibaya, kikao kilichofuata kilikuwa na kurasa za kweli kuliko vyote vilivyotangulia.

Wiki ya mwisho skulini

Kabla ya kuondoka, lisome daftari lako tangu ukurasa wa mwanzo ukiwa na kalamu ya rangi nyengine. Pigia mstari kila mahali ulipomlaumu mtoto, na pembeni andika unalolijua sasa. Halafu chukua karatasi moja mpya umwandikie mwalimu anayelipokea darasa: herufi ya kila mtoto uliyemfuatilia, kosa alilokuwa akilifanya, na kilichomsaidia. Hiyo ni karatasi ya kumkabidhi mkononi, na orodha ya majina umpe kwa mdomo. Msichana wa njukuti alikuwa herufi M, na mbele ya herufi hiyo mwanachuo wangu aliandika: "Hufuata kila neno la mwalimu. Chagua maneno unayompa."